Wawili kwa Dakika Mbili: Safari ya Mbio za Cape Epic

Cape Epic ni mashindano ya baiskeli za milimani yanayofanyika kila mwaka katika Jimbo la Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini, kwa kawaida mwezi Machi, kiangazi cha huko kinapoelekea ukingoni. Washindani huenda wawili wawili kwa siku nane mfululizo. Siku ya kwanza ni ya utangulizi, mwendo mfupi wa kilomita 20 na kitu. Siku saba zinazofuata ni hatua kamili, nyingi zikiwa kati ya kilomita 60 na 120. Jumla yake huwa karibu kilomita 600 hadi 700, na vilima vyote vinavyopandwa, vikijumlishwa, hupita mita 15,000. Kilele cha Kilimanjaro kina mita 5,895 kutoka usawa wa bahari. Anayemaliza Cape Epic amepanda kimo hicho, kuanzia ufukweni, zaidi ya mara mbili na nusu.

Mtindo wa kushindana wawili wawili ulitangulia kushika mizizi Ulaya. Tangu 1998 mbio za TransAlp zilikuwa zikiwavusha waendeshaji milima ya Alps kutoka Ujerumani hadi Italia wakiwa jozi, na sababu ya msingi ilikuwa usalama: mtu akianguka kwenye kijia cha mlimani, pasipo na gari wala nyumba, awepo mwingine wa kumkalisha, kumfunga jeraha na kuita msaada. Kevin Vermaak, raia wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi London, alishiriki mbio za La Ruta de los Conquistadores nchini Costa Rica mwaka 2002, akarudi akiwa na nia ya kuanzisha kwao mbio ambazo dunia nzima ingezifuata. Mashindano ya kwanza yalifanyika 2004, yakianzia Knysna, mji wa pwani mashariki mwa jimbo hilo, na kuelekea magharibi kwenye mashamba ya mizabibu. Muda mfupi baadaye yaliingia katika kalenda ya Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI, na mabingwa wa dunia na wa Olimpiki wakaanza kuyapangia mwaka wao. Mwaka 2020 yalifutwa siku mbili tu kabla ya kuanza, kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19. Ya 2021 yalisogezwa hadi Oktoba.

Kanuni iliyoyapa mashindano haya sura yake ni fupi. Wenza wasiachane kwa zaidi ya dakika mbili. Hukaguliwa njiani na kwenye mstari wa kumalizia, na wanaokutwa wameachana huongezewa saa nzima katika muda wao. Wakirudia mno, huondolewa. Muda wa jozi huandikwa pale anapopita yule wa pili. Kwa hiyo mwenye miguu ya chuma akifika peke yake hajafika. Atasimama hapo akitazama nyuma mpaka mwenzake atokee kwenye kona. Kati ya kanuni zote za michezo ya mwendo mrefu, hii inastahili kusifiwa kuliko nyingine yoyote, kwa kuwa inageuza hesabu ya nguvu. Katika mbio za mtu mmoja, nguvu ya ziada ni mali ya mwenyewe. Hapa nguvu ya ziada haina kazi mpaka ipatikane njia ya kumfikishia aliyepungukiwa.

Njia hizo zipo, na waendeshaji wazoefu wanazijua kama fundi anavyojua vyombo vyake. Kwenye tambarare, mwenye nguvu hukaa mbele apasue upepo, na wa nyuma, akilishika gurudumu lake kwa karibu, huokoa robo ya juhudi au zaidi, hasa upepo wa kusini-mashariki unapovuma, ule unaopiga Rasi kiangazi kizima. Kwenye mlima mrefu mpango hugeuzwa: anayepanda kwa shida ndiye atangulie, ili apande kwa pumzi yake mwenyewe, kwani akifuata nyuma atavutwa kidogo kidogo kupita uwezo wake, na malipo yake yatakuja baada ya saa moja. Kwenye mteremko hutangulia mwenye ustadi wa usukani, achague mstari kati ya mawe, naye wa pili apite palepale. Na pale ambapo miguu ya mmoja imekwisha kabisa, mwenzake humsogelea ubavuni, akamwekea kiganja mgongoni na kumsukuma huku akikanyaga pedali kwa ajili ya wawili. Hata kwenye timu za mabingwa mkono huo huonekana, na hakuna anayeuonea aibu.

Mwandishi wa masimulizi haya na mwenzake walitoka Nairobi. Mazoezi yao yalikuwa barabara za murami za Tigoni na Limuru, katikati ya mashamba ya chai, vijia vya msitu wa Karura, na vilima vya Ngong ambako upepo hauna huruma asubuhi wala jioni. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Limuru iko juu zaidi. Mwili uliozoea hewa hiyo nyepesi hushuka Rasi ukiwa na damu iliyosheheni chembe nyekundu, na faida hiyo hudumu wiki chache. Kenya ina mashindano yake yanayomfundisha mtu kazi hii, yakiwemo ya 10to4 yanayoteremka miteremko ya Mlima Kenya. Kitu ambacho hakipatikani kwa urahisi nyumbani ni siku nane mfululizo. Mtu anaweza kupanda baiskeli kwa saa saba Jumamosi na akajiona shujaa. Mwili huonyesha ukweli wake Jumapili, Jumatatu na Jumanne. Ndiyo maana maandalizi ya miezi ya mwisho hupangwa kwa vipindi vya siku tatu au nne za kufuatana, na wenza wakiwa pamoja, ili kila mmoja aone mwingine anakuwaje akichoka. Kuna anayenyamaza. Kuna anayekuwa mkali kwa maneno. Kuna anayesahau kula. Mwenza anayezijua dalili hizi mapema ameshatatua nusu ya matatizo ya njiani.

Baiskeli yenyewe huwa na springi mbele, na kwa walio wengi nyuma pia, kwa kuwa siku nane za kutikiswa humaliza mikono na mgongo kabla ya miguu. Tairi huwa halina tyubu. Ndani yake hutiwa maji ya gundi yanayoziba tundu dogo papo hapo. Tundu kubwa huzibwa kwa uzi mnene wa mpira unaosukumwa kwa sindano maalumu, na likishindikana ndipo tyubu ya akiba inapotolewa. Jozi hugawana mzigo: mmoja hubeba pampu na kifaa cha kukata na kuunga cheni, mwingine hubeba tyubu, pingili za akiba za cheni na kile kipande kidogo cha chuma kinachoshikilia mkono wa gia, ambacho huvunjika baiskeli ikilalia upande wa kulia. Faida ya kutoachana huonekana hata hapa, maana anayepata pancha hawezi kuachwa na pampu.

Njia hubadilishwa kila mwaka. Inayofuatwa hapa ni ile iliyotumika Machi 2019, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Cape Town, ikapitia Hermanus, Elgin na Stellenbosch, na kumalizikia Val de Vie, karibu na Paarl. Ilikuwa na zaidi ya kilomita 620, na kupanda kwake kulipita mita 16,000.

Siku ya utangulizi mwaka huo ilifanyika kwenye mabega ya Mlima wa Meza, juu ya jiji. Jozi huachiliwa moja moja kwa mpangilio wa saa, na muda wa siku hiyo ndio unaoamua nani ataanza na kundi gani kesho yake. Njia ilipanda hadi kwenye ngome ndogo ya mawe iliyojengwa na Waingereza mwishoni mwa karne ya 18, ambako bandari na ghuba yote huonekana chini, kisha ikateremka kwenye vijia vyenye mizizi na kona kali. Kilomita ni chache, nao watu wengi hufanya kazi ya siku mbili ndani ya saa moja na nusu, kwa kuwa watazamaji ni wengi na damu ni moto. Waliokwishashiriki huwaonya wageni kwamba hakuna aliyewahi kuishinda Cape Epic siku ya kwanza, na wapo walioipoteza siku hiyohiyo.

Hermanus ni mji wa bahari, kusini-mashariki mwa Cape Town, unaojulikana kwa nyangumi wanaokuja karibu kabisa na miamba kuanzia Juni hadi Novemba. Mwezi Machi nyangumi hawapo. Kilichopo ni jua, na mchanga.

Mchanga huo una asili yake, na mwendeshaji anayeielewa huokoa nguvu. Milima ya Rasi ni ya jiwe-mchanga, mashapo yaliyolala chini ya maji na kwenye fukwe zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, yakagandamana, kisha yakakunjwa na kuinuliwa dunia ilipojisukuma, yapata miaka milioni 250 iliyopita. Jiwe hilo ni gumu na lina kingo kali. Likivunjika huwa vipande vinavyopasua ubavu wa tairi, na likisagika huwa mchanga mweupe, usio na rutuba, unaolimeza gurudumu la mbele. Bondeni kuna udongo wa mfinyanzi uliotokana na mawe laini zaidi; huko ndiko kuna mizabibu na matufaha, na ukikauka njia yake huwa ngumu na ya kasi. Basi kila kilima kina utaratibu wake: chini mwendo huwa mwepesi, juu huwa mawe, na kwenye miguu ya mlima, maji yanakotua mizigo yake, huwa mchanga. Kwenye mchanga mtu hurudi nyuma kidogo kwenye kiti, hulegeza mikono, na kuzungusha miguu kwa gia nyepesi bila kusimama. Anayeng'ang'ania usukani huanguka.

Juu ya mawe hayo maskini kumeota uoto wa ajabu, vichaka vigumu vya kimo cha kiuno vinavyoitwa fynbos. Eneo la mimea la Rasi lina takriban aina 9,000 za mimea, na karibu asilimia 70 kati yake hazioti kokote kwingine duniani. UNESCO iliingiza sehemu za eneo hilo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka huohuo wa 2004 mbio hizi zilipoanza. Fynbos huhitaji moto. Kila baada ya miaka kumi hivi au ishirini huungua, na mbegu za aina nyingi, pamoja na zile za protea zilizofungiwa ndani ya vichwa vigumu vya maua makavu, hungoja joto au moshi ndipo ziote. Mwendeshaji hupita kwenye mteremko uliosimama vijiti vyeusi tupu, na baada ya kona moja huingia kwenye harufu kali ya majani inayofanana na dawa za mitishamba. Waandaaji hukataza kabisa kutoka nje ya njia, na kutupa hata kipande cha karatasi ya chakula huadhibiwa. Ni ukali wa haki.

Katika hatua ndefu za mbio hizi tumbo ndilo linaloamua. Mwili wa mtu huhifadhi kabohaidreti kiasi cha gramu 400 hadi 500 katika misuli na ini, akiba inayotoa takriban kilokalori 2,000. Mwendo wa mashindano hutumia 600 au zaidi kwa saa. Hesabu hiyo haiwezi kufika saa ya tano, achilia mbali ya saba. Kwa hiyo mwendeshaji hujilazimisha kula gramu 60 hadi 90 za kabohaidreti kila saa tangu nusu saa ya kwanza, kabla njaa haijabisha hodi, na kunywa maji yenye chumvi, kwa kuwa jasho likitoka chumvi huondoka nalo. Vituo vya maji huwekwa njiani kila baada ya kilomita kadhaa. Meza zake zina viazi vidogo vilivyochemshwa na kupakwa chumvi, ndizi, machungwa yaliyokatwa, mikate midogo, na mapipa ya vinywaji. Wasaidizi hujaza chupa huku wengine wakipaka mafuta cheni zilizokauka kwa vumbi. Kiazi chenye chumvi, baada ya saa nne za vitu vitamu, ni chakula cha kifalme. Jozi zenye mpango hugawana kazi hata hapa: mmoja hubeba chupa zote nne, mwingine hushika baiskeli mbili na chakula, na dakika inayookolewa ni sawa na dakika iliyopiganiwa mlimani kwa jasho.

Baada ya kila hatua huja kijiji. Hema nyekundu za mtu mmoja mmoja husimama kwa mamia katika safu kwenye uwanja wa shule au nyasi za shamba, na kijiji kizima, pamoja na malori ya mabafu, jiko, hospitali ya muda na hema kubwa la kulia, hung'olewa na kusimikwa upya kila njia inapohamia mji mwingine. Utaratibu wa mchana haubadiliki. Baiskeli huoshwa na kuingizwa kwenye uzio wenye walinzi. Mwenye fundi humkabidhi, asiye naye hukagua breki na cheni mwenyewe. Kisha chakula cha kwanza, maji ya kuoga, kunyoosha miguu, na kulala kidogo hemani kama joto litaruhusu. Jioni, wakati wa chakula, huonyeshwa picha za siku hiyo na kuelezwa njia ya kesho, mlima kwa mlima. Saa mbili usiku taa nyingi zimezimwa. Kabla ya alfajiri zipu za hema huanza kulia safu kwa safu, na foleni ya uji na kahawa hujipanga gizani.

Foleni nyingine, isiyotajwa sana, ni ya daktari. Majeraha makubwa ni machache; kinachowamaliza watu ni michubuko ya makalio, malengelenge ya viganja, kifua kilichojaa vumbi, na tumbo. Mahali ambapo watu zaidi ya elfu moja wanakula, kulala na kushika mabomba yaleyale, tumbo la mmoja huweza kuwa la wengi, na kunawa mikono ni sehemu ya mashindano kama kukanyaga pedali.

Mwenzake mwandishi alipatwa huko Elgin. Bonde la Elgin na mji wake wa Grabouw, ng'ambo ya milima mashariki mwa Cape Town, ni nchi ya matufaha, yenye mabwawa, miti ya misonobari na vijia vilivyochongwa na watu wanaoupenda mchezo huu. Wengi huvihesabu kuwa vitamu kuliko vyote katika mbio nzima. Juu ya bonde hilo umelala mlima wa Groenlandberg, na barabara yake ya mawe hupanda bila kivuli, kila kona ikifunua kona nyingine. Mwenza huyo, kijana mwepesi wa mwili na mpanda milima hodari, ambaye kwa siku zote za nyuma ndiye aliyekuwa akisubiri juu ya vilele, aliamka bila kuweza kumeza chochote. Kufikia katikati ya mlima aliteremka akakaa juu ya jiwe. "Kaka, nimekwisha," alisema. Aliambiwa anywe fundo moja la maji ya chumvi, kisha jingine, na kwamba hakuna haraka; muda wa mwisho wa hatua ulikuwa bado uko mbali. Jozi zilizokuwa zikipita ziliuliza kama msaada unahitajika. Mmoja aliacha kidonge cha kutuliza kichefuchefu, mwingine nusu ya mkate, na hakuna aliyengoja kushukuriwa.

Sehemu iliyobaki ya siku ile ilipita kwa mkono mgongoni. Mkono huo una kanuni zake. Usisukume kwa mkupuo, maana humyumbisha. Uweke chini, karibu na kiuno, ukisukuma kwa uzito wa bega. Usisukume kwenye mawe makubwa, ambako kila mtu anahitaji mikono yake yote. Uondoe kabla ya mteremko. Na anayesukumwa naye ana kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa, kwani lazima akubali. Mtu aliyezoea kuwa wa mbele huona vigumu kupokea kuliko kutoa, na jozi nyingi huvunjika hapo, kwenye neno dogo linalosemwa kwa hasira juu ya mlima. Kijana alikubali. Jioni alikunywa uji mwepesi, akalala, na asubuhi alikula ndizi mbili.

Kutoka Elgin kwenda upande wa Stellenbosch lazima milima ya Hottentots Holland ivukwe. Katika miaka ambayo njia hupita Gantouw, waendeshaji wote, bingwa na asiye bingwa, hulazimika kushuka na kutembea wakisukuma au kubeba baiskeli, kwa sababu pale pana kumbukumbu ya kihistoria inayolindwa. Wakhoi waliifuata njia hiyo nyuma ya makundi ya pofu, wale swala wakubwa, na baadaye magari ya kukokotwa na ng'ombe ya walowezi yaliburutwa humohumo mpaka magurudumu yakachimba mifereji ndani ya mwamba. Mwaka 1830 barabara mpya ya Sir Lowry's Pass ilifunguliwa karibu na hapo, na Gantouw ikaachwa. Mifereji bado ipo. Viatu vya baiskeli vyenye chuma chini huteleza juu ya mwamba huo, na watu huteremka kwa tahadhari, baiskeli begani, ghuba ya False Bay ikiwa imetanda mbele yao.

Stellenbosch, mji ulioanzishwa 1679, ndiyo makao ya baiskeli za milimani katika Afrika Kusini. Hatua zake huzunguka mabonde ya Jonkershoek na Banghoek, mizabibu ikiwa chini na kuta za mawe zikiwa juu, na vijia vyake vingi hutumiwa na wanafunzi wa chuo kikuu siku zote za mwaka. Pembeni mwa mji uko mtaa wa Kayamandi, wenye nyumba za mabati na watoto wengi, na huko historia ya mbio hizi ina ukurasa usiostahili kurukwa.

Christoph Sauser, Mswisi aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, alisaidiana na Songo Fipaza, mwenyeji wa Kayamandi, kuanzisha mpango wa songo.info mwaka 2008, unaowapa watoto wa mtaa huo baiskeli, uwanja wa kuchezea na msaada wa masomo. Katika Cape Epic mwenza wa Sauser alikuwa Burry Stander, kijana wa KwaZulu-Natal, nao wakiwa wamevaa jina la mpango huo walishinda 2011 na 2012. Stander alikuwa Mwafrika Kusini wa kwanza kushinda mashindano hayo upande wa wanaume. Katika Olimpiki ya London mwaka 2012 alimaliza wa tano. Tarehe 3 Januari 2013, akiwa mazoezini karibu na nyumbani kwake Shelly Beach, aligongwa na gari la abiria akafariki, akiwa na umri wa miaka 25. Machi hiyohiyo Sauser alirudi kwenye mbio, safari hii na Jaroslav Kulhavý wa Jamhuri ya Cheki, bingwa wa Olimpiki ya London, wakashinda. Sauser na Mjerumani Karl Platt wamepata ushindi mara tano kila mmoja, na hakuna kati yao aliyeweza kuupata hata mmoja bila mwenza. Upande wa wanawake Annika Langvad wa Denmark naye alikuwa amefikisha mara tano kufikia 2019. Ule wa 2019 aliupata akiwa na Anna van der Breggen wa Uholanzi, bingwa wa Olimpiki wa barabara, aliyekuwa mgeni kabisa katika mbio hizi. Wanaume walioshinda mwaka huo ni Nino Schurter na Lars Forster wa Uswisi.

Washindi hutumia takriban saa 30 za mwendo kwa siku zote nane. Walio katikati na nyuma hutumia karibu mara mbili yake, maana yake wanakaa juani muda mrefu zaidi, wanalala muda mfupi zaidi, na kila jioni wanabaki na saa chache za kutengeneza baiskeli na mwili. Ni sahihi kuwaheshimu mabingwa, lakini kazi ya jozi inayoingia saa kumi jioni, ikiwa imebakiza dakika chache kabla ya muda kufungwa, ni nzito kwa namna ambayo mabingwa hawaijui.

Si kila jozi hufika ikiwa jozi. Mmoja akivunjika mfupa au akizuiwa na daktari, anayebaki huruhusiwa kuendelea, lakini huondolewa katika mashindano ya timu na kuhesabiwa kama mtu aliyemaliza peke yake, wala haruhusiwi kuisaidia timu nyingine. Watu hawa hutambulika kwa urahisi njiani. Huongea zaidi kwenye vituo vya maji, na mara nyingi huuliza habari za hospitali kabla ya kuuliza kilomita zilizobaki.

Hatua ya mwisho huwa fupi kuliko nyingi, na haiachi kuuma. Waandaaji hupenda kuweka mlima mmoja mkali pale miguu inapodhani imesamehewa. Njia ya 2019 iliishia Val de Vie, kwenye viwanja vya polo kati ya Paarl na Franschhoek. Barabara inayopita hapo ni ileile inayopita gereza la Drakenstein, zamani likiitwa Victor Verster, ambako Nelson Mandela alitoka kwa miguu tarehe 11 Februari 1990. Sanamu yake, ngumi ikiwa juu, imesimama langoni. Kwenye mstari wa mwisho jozi nyingi hushikana mikono na kuvuka magurudumu yakiwa sawa, ingawa saa, kama siku zote, humsubiri wa pili. Mwandishi na mwenzake walivuka hivyo. Kila mmoja huvishwa nishani shingoni, na baiskeli huoshwa kwa mara ya mwisho.

Anayemaliza mara tatu huingizwa katika chama cha Amabubesi, jina litokanalo na simba kwa Kizulu. Kwa wengi mara moja yatosha, na si jambo dogo: hata mwenye afya njema huhitaji wiki kadhaa kabla ya vidole kurudi katika hisia zake za kawaida, kwa kuwa mishipa ya kiganja huwa imebanwa na usukani kwa saa hamsini au sitini. Nafasi za mwaka unaofuata huuzwa mapema, nyingine kwa bahati nasibu, na idadi haipiti sana jozi 600 au 700 kutoka nchi nyingi. Jozi inayotoka Afrika Mashariki ina mambo matatu ya kupanga kabla ya mengine yote: masanduku ya baiskeli kwenye ndege, siku mbili au tatu za kuzoea joto kavu la Rasi kabla ya utangulizi, na fundi au ujuzi wa ufundi wa kutosha. La nne, ambalo halinunuliwi, ni mwenza, naye afaa atafutwe mwaka mzima kabla ya hayo matatu.